JUA NI BURE, BATRI SI BURE



Siku hizi wazazi wengi wanataka plaki ya jua, na mara nyingine ni feza ya minervali inayotoka. Kabla ya kutoa feza tuhesabu kwanza, kama yule mtu wa mnara katika Luka 14:28.

1. Mahitaji ya siku moja. Ampuli 3 za wati 5, saa 4: 3 x 5 x 4 = 60. Radio ya wati 5, saa 4: 20. Telefone 2, kama 10 kila moja: 20. Jumla: wati-saa 100.

2. Plaki. Tuweke saa 4 za jua kali. Plaki ya wati 40 inatoa 160, lakini sehemu inapotea kwa joto, nyaya na batri. Tunabaki na kama 100. Siku ya mvua haitoshi.

3. Batri. Batri ya risasi isitumiwe kupita nusu yake. Tukitaka 100 za usiku na 100 za akiba, tunapashwa kununua ya 400. Yaani 400 : 12 volti = amperi-saa 33 hivi. Batri ya motokari haifai: kazi yake ni kuwasha injini, na kuimaliza kila usiku kunaiua mbio.

4. Gharama. Tuseme plaki dola 40, batri dola 72 (ni mfano tu, bei tuulize sokoni). Plaki inaweza kudumu miaka 20 na zaidi. Batri tuseme miaka 3. Kwa miaka 20 tutanunua batri 7, ndiyo dola 504! Basi tuweke dola 2 kila mwezi (72 : 36). Asiyeweka, mwaka wa nne atarudia taa ya petroli, na plaki iko palepale juu ya nyumba.

5. Hatari. Asidi inaunguza ngozi na macho. Batri ikijazwa inatoa gazi yenye kuwaka: isikae katika chumba cha kulala wala karibu na moto. Waya bila fuzibli unaweza kuchoma nyumba. Kivuli cha muembe kinapunguza umeme sana. Na wezi je?

Hatusemi tusinunue. Petroli nayo inakula feza kila juma, na moshi wake tunaujua. Tunasema: anayenunua plaki anunue pamoja na akiba ya batri.

Zoezi: Fanya hesabu hii kwa nyumba yenu, kisha uionyeshe baba na mama.