Kuandikisha Tovuti Yako Kwenye Google Ni Bure

Tovuti imeundwa, fundi amelipwa, na anwani imeandikwa kwenye kadi na ukutani. Miezi miwili baadaye mwenye biashara anaandika jina lake kwenye Google na hapati kitu. Kisha inaingia barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua, ikiahidi kuwasilisha tovuti yake kwa mamia ya injini za utafutaji na saraka za mtandaoni, kwa maelfu ya shilingi. Kabla hujatuma pesa hizo, soma somo hili.

Ahadi hiyo ina historia yake. Katika miaka ya 1990 tovuti zilipangwa na watu kwa mikono, kama kitabu cha simu. Yahoo ilianza mwaka wa 1994 kama orodha ya tovuti iliyokusanywa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo. Aliyetaka kuingia humo aliwasilisha anwani yake akasubiri mhariri aipitie. Baadaye biashara zilitozwa dola 299 kwa ukaguzi huo, bila hakikisho la kukubaliwa. Saraka nyingine kubwa, DMOZ, ilianzishwa mwaka wa 1998 na kuhaririwa na watu wa kujitolea. Saraka ya Yahoo ilifungwa Desemba 2014, na DMOZ ikafuata Machi 2017. Google nayo ilikuwa na fomu ya wazi ya kuandikisha anwani, lakini iliiondoa mwaka wa 2018. Kwa hivyo anayekuuzia leo nafasi katika saraka mia tano anakuuzia kibanda katika soko lililokwisha kuvunjwa. Isitoshe, Google huhesabu viungo kutoka saraka hafifu kuwa taka, na vinaweza kukuharibia badala ya kukusaidia.

Siku hizi kazi ya kutafuta tovuti hufanywa na roboti, yaani programu inayopita kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo. Ikifika kwako husoma maandishi, na ukurasa ukifaa, huhifadhiwa katika faharasa kubwa. Mtu anapotafuta neno, Google haiendi kuzunguka mtandao mzima wakati huo. Inafungua faharasa yake. Tovuti mpya ambayo hakuna anayeitaja popote ni kama nyumba isiyo na njia ya kuingilia. Roboti hatimaye huenda akaifikia, lakini unaweza kumwonyesha njia.

Anza kwa kuangalia kama umo. Katika kisanduku cha Google andika site: na anwani yako bila kuacha nafasi, kwa mfano site:jinalako.co.ke. Zikitokea kurasa zako, umeshaingia, na shida yako ni nafasi unayoshika, si uandikishaji. Isipotokea hata moja, endelea.

Fungua Google Search Console kwa akaunti yako mwenyewe ya Gmail. Ni bure. Utaombwa kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuweka faili ndogo ndani ya tovuti, ama kwa kuongeza mstari wa maandishi mahali ulikonunua anwani. Fundi wako akiijua kazi yake, hilo ni jambo la dakika chache. Baada ya hapo bandika anwani ya ukurasa wako mkuu katika kisanduku kilicho juu, kisha uombe uingizwe kwenye faharasa. Kubonyeza tena na tena hakuharakishi chochote, na maombi ya siku moja yana kikomo. Subiri, huchukua siku chache hadi wiki kadhaa.

Kama kurasa ni nyingi, wasilisha pia ramani ya tovuti, yaani faili yenye orodha ya kurasa zote. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress zimekuwa zikijitengenezea ramani hiyo tangu mwaka wa 2020. Huipata ukiongeza /wp-sitemap.xml mwishoni mwa anwani yako. Ukimaliza, fungua Bing Webmaster Tools, ambayo inakuruhusu kuhamisha yote uliyokwisha kuthibitisha kwa Google. Usiidharau Bing: matokeo ya Yahoo na DuckDuckGo hutegemea faharasa yake kwa sehemu kubwa.

Wapo wanaofanya yote haya na bado hawaonekani. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni alama moja tu. WordPress ina kisanduku, katika mipangilio ya usomaji, kinachoziambia injini za utafutaji zisiingize tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, jambo la busara, kisha husahau kuiondoa wanapokabidhi kazi. Mwambie akifungue mbele yako.

Sababu ya pili ni picha. Chukua mfano wa nyumba ndogo ya wageni Watamu ambayo ukurasa wake wote ni bango moja zuri: bei za vyumba, umbali hadi ufuoni, nambari ya simu, vyote vimechorwa ndani ya picha. Mgeni aliye Nairobi anatafuta usiku kwa simu chumba cha watu wanne Watamu. Maneno hayo yapo kwenye bango, lakini hayapo kama maandishi ya ukurasa, na si jambo la kutegemea kwamba injini itayatoa ndani ya picha. Andika bei, mahali na huduma kwa maneno ya kawaida, katika lugha ambayo wateja wako huitumia kutafuta. Kama wageni wako huandika Kiitaliano, weka ukurasa wa Kiitaliano.

Saraka moja inastahili muda wako kuliko zote, nayo ni Google Business Profile, inayoiweka biashara kwenye ramani pamoja na saa za kazi na simu. Hata asiye na tovuti anaweza kujiandikisha, mradi anakutana na wateja ana kwa ana, kwake au kwao. Uthibitisho mara nyingi huwa ni video inayoonyesha mtaa, kibao cha biashara, na kwamba wewe ndiwe unayeisimamia. Jina na nambari ya simu viandike sawasawa na vilivyo kwenye tovuti. Akikupigia mtu akidai anatoka Google na anataka ada ya kukuweka kwenye ramani, kata simu. Huduma hiyo haina ada. Akikuomba namba ya siri iliyotumwa kwa simu yako, usimpe, kwa sababu kwa namba hiyo anaweza kuichukua biashara yako kwenye ramani.

Nafasi ya juu nayo haiuzwi. Google haipokei malipo ili kupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida. Inachouza ni matangazo, na hayo huwekewa alama ya kuonyesha kwamba yamelipiwa. Ukiacha kulipa, yanaondoka siku hiyo hiyo.

Tatizo kubwa zaidi hujitokeza pale fundi anapoandikisha kila kitu kwa barua pepe yake: anwani ya tovuti, Search Console, hata ramani. Mkikosana au akihama, huna ufunguo. Anwani za .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wake, na jina la mwenye anwani huandikwa wakati wa kununua. Hakikisha ni lako au la kikundi chenu. Kwenye Search Console na Business Profile, wewe uwe mmiliki, fundi awe mtumiaji unayeweza kumwondoa. Hayo yote yakaguliwe kwa simu yako, ukiwa umeingia kwa akaunti yako, kabla hujamlipa salio.