SOMO: TUIPIME HOSPITALI KABLA YA MAAFA



Somo letu la leo ni juu ya hospitali na maafa. Maafa ni jambo baya linalowapata watu wengi kwa mara moja, kama vile ajali ya basi, moto, mafuriko au chombo kuzama baharini.

Sisi wa Ngamiani tunayo hospitali ya Bombo karibu. Watu husema, "Bombo si hapo tu?" Ni kweli, lakini ukaribu peke yake si kipimo. Hebu tuangalie yaliyotokea.

Usiku wa tarehe 3 Februari, 2023, lori na basi dogo viligongana wilayani Korogwe. Basi lilikuwa na wafiwa wanaopeleka maiti kuzika Kilimanjaro. Watu 17 walikufa, na baadaye idadi ikaongezeka. Majeruhi walipelekwa hospitali ya Magunga, hapo Korogwe. Wengi wao wakahamishiwa Bombo, safari ya kilometa kama 100. Basi tunaona kwamba gari la wagonjwa, barabara na simu navyo ni sehemu ya hospitali.

Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota mafuta, moto ukalipuka. Mwishowe waliokufa walizidi 100. Majeruhi wengi walioungua vibaya ilibidi wapelekwe Muhimbili, Dar es Salaam.

Sasa je, hospitali hupimwaje? Tuulize mambo sita:

1. Jengo. Je, litasimama? Mwaka 1985 tetemeko la ardhi liliangusha majengo ya hospitali katika mji mkuu wa Meksiko. Wagonjwa, madaktari na wauguzi walikufa humo humo.

2. Maji na umeme. Jenereta ipo? Ina mafuta? Nani anajua kuiwasha saa nane za usiku? Tangi la maji limejaa?

3. Watu. Wauguzi walio nyumbani wataitwaje usiku? Mtandao wa simu ukikatika, nani atakwenda kuwagongea?

4. Damu. Damu iliyotolewa hukaa kwenye jokofu siku 35 tu. Kwa hiyo akiba ya leo haitafaa baada ya miezi miwili. Lazima watu watoe damu mara kwa mara.

5. Kupanga wagonjwa. Mara nyingi wanaofika kwanza si walioumia zaidi. Mwenye jeraha dogo hupanda bodaboda akafika mapema. Aliyeumia vibaya bado amelala barabarani. Kwa hiyo wauguzi hutumia rangi. Nyekundu ni wa kutibiwa mara moja. Njano anaweza kungoja kidogo. Kijani ni anayeweza kutembea. Nyeusi ni aliyekufa au asiyeweza kuokolewa. Anayepiga kelele sana huenda akawa kijani, na aliyenyamaza akawa nyekundu.

6. Mazoezi. Mpango ulioandikwa ukafungiwa kabatini si mpango. Je, wafanyakazi wameufanyia mazoezi? Lini mara ya mwisho?

Wahenga walisema, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Siku ya maafa umeme hukatika, gari hukosa mafuta, na mwenye ufunguo wa stoo hayupo. Lakini sisi si nyani. Mti unaoteleza tunaweza kuujua mapema.

Kazi hii si ya daktari peke yake. Hospitali, kituo cha afya na zahanati zina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Tumwulize mwakilishi wetu maswali haya, kwa heshima na bila ugomvi. Akijibu kwamba jenereta haina mafuta, tulijadili mkutanoni. Mtu mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu: mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Na siku ya ajali tusijazane getini kutazama. Tuyaachie njia magari ya wagonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kijijini kwako hadi hospitali ni kilometa ngapi? Nani ana gari usiku?
2. Kwa nini anayepiga kelele si lazima atibiwe kwanza?
3. Mwakilishi wenu katika kamati ya afya ni nani? Mtamwuliza nini?