Mkanda wa Jeshi Hauletwi na Jirani

Kijitabu cha afya kwa familia za Bandari ya Bujumbura

Mtu ameshinda bandarini akishusha mifuko ya saruji iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Usiku ubavu mmoja unamchoma kama uliomwagiwa maji ya moto. Anadhani ni mzigo. Anakandwa, anameza dawa ya maumivu, anarudi kazini. Siku ya tatu mkewe anaona malengelenge yamejipanga kutoka mgongoni hadi kifuani, upande mmoja tu. Minong'ono inaanza: nani kamtupia? Katembea na nani?

Hakuna aliyemtupia kitu. Huo ni mkanda wa jeshi, na kirusi chake kimo mwilini mwake tangu alipougua tetekuwanga utotoni.

Kilijificha wapi miaka yote hiyo?

Tetekuwanga huletwa na kirusi cha jamii ya hapesi. Mtoto hupona, vipele vikakauka, lakini kirusi hakitoki. Hupitia ncha za neva zilizo kwenye ngozi, kikapanda hadi kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, kikaingia ndani ya kiini cha seli na kulala. Kikiwa humo hakizaliani, na mwenyewe hahisi lolote wala hamwambukizi mtu. Maficho hayo ni mazuri kwake: seli za ngozi hufa na kuzaliwa upya kila mara, ila seli ya neva huishi karibu umri wote wa mtu.

Kinga ya mwili ndiyo inayokibana kisiinuke. Umri ukipita miaka 50, kinga huanza kulegea. Hulegezwa pia na VVU, na saratani pamoja na matibabu yake, na dawa kama prednisoloni ikitumiwa muda mrefu. Kirusi kikiamka hujinakili, kisha huteremka kwa neva ile ile mpaka kwenye kipande cha ngozi ambacho neva hiyo inakihudumia. Ndiyo sababu malengelenge hushika mstari, na kwa kawaida hayavuki katikati ya mwili.

Edgar Hope-Simpson, daktari wa familia katika mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, aliwafuatilia wagonjwa wake wa mkanda kwa miaka 16. Mwaka 1965 akaeleza kwamba mkanda ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka ndani ya mtu yule yule. Ningependa kila mzee aliyewahi kushtakiwa uchawi kwa ajili ya ugonjwa huu alijue jambo hilo.

Kirusi kingine cha jamii ya hapesi hulala kwenye kifundo cha neva za uso. Homa ya malaria, uchovu au jua kali la ziwani hukiamsha, na malengelenge yanatoka mdomoni. Hayo mara nyingi hupona yenyewe.

Je, si mpox?

Tangu mpox ithibitishwe Burundi Julai 2024, kila upele unatutisha, na tuna haki ya kuogopa. Vipele vya mpox havifuati mkanda wa upande mmoja. Vinaweza kutoka usoni, viganjani, nyayoni na sehemu za siri, mara nyingi pamoja na homa na tezi zilizovimba. Lakini usijiamulie nyumbani. Mwonyeshe muuguzi.

Usingoje wiki iishe

Dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Huzuia kirusi kujinakili. Kile kilicholala hakiguswi, ndiyo maana haikitoi mwilini moja kwa moja. Kwa kawaida mtu mzima huimeza mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Ni nyingi, na wengi huacha maumivu yakipungua. Tafadhali maliza.

Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyo hiyo: jicho linaweza kupofuka.

Kwa kijana au mtu wa makamo, mkanda unaweza kuwa dalili ya kwanza ya VVU. Pima. Mwenye VVU akianza dawa mapema, kinga yake hurudi. Lakini ukimwona mtu ana mkanda usimtangazie ugonjwa, kwani wengi wanaoupata hawana VVU.

Nyumbani, funika malengelenge kwa kitambaa safi na unawe mikono. Usipake majivu, dawa ya meno wala maji ya betri. Majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, kwa hiyo mpaka yote yakauke, mgonjwa asimbebe mtoto mchanga wala asimkaribie mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga. Na mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini. Apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Kwa wengine, hasa wazee, ngozi hupona ila maumivu yanabaki miezi kadhaa, hata shati likigusa mtu anaruka. Neva imejeruhiwa, na dawa za kawaida za maumivu huenda zisitoshe. Rudi kituo cha afya useme wazi kwamba uliugua mkanda. Zipo dawa za kutuliza neva, kama amitriptilini inayomezwa usiku kwa kipimo kidogo.