SOMO LA WAFANYAKAZI: UTAFUTAJI WA MADINI UKIPUNGUA, NANI HUUMIA?



Somo letu la leo lahusu fedha za kutafutia madini. Pengine mkata miwa au mfanyakazi wa kiwandani atasema: hilo si langu. Tusome kwanza, kisha tuamue.

Tuanzie Kuluba, wilaya ya Koboko, katika West Nile. Kwa miaka mingi vijana wa sehemu hizi walikwenda mbali, hadi Kakira na Lugazi, kukata miwa, kwa kuwa nyumbani kazi ya mshahara ilikuwa adimu. Leo malori yapita Arua yakipeleka mizigo Kongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, kiasi cha kilomita 150 kutoka Arua. Kijana wa Kuluba huuliza: mbona kwetu hakuna mgodi kama ule?

1. Mgodi hutoka wapi?

Mgodi huanza kwa kutafuta. Ndege hupima miamba kutoka angani. Wataalamu wa miamba hukusanya udongo na mawe yakapimwe. Mwisho mashine huchoronga ardhi. Kazi hii huweza kuchukua miaka kumi na zaidi, na mara nyingi fedha hupotea bure.

Dhahabu ya eneo la Kibali ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, lakini mgodi mkubwa wa sasa ulitoa dhahabu yake ya kwanza 2013, baada ya miaka ya kuchoronga na kupima upya. West Nile nayo imeonja upande wa pili. Kati ya 2009 na 2012 visima vitatu vya kutafuta mafuta vilichimbwa katika bonde la Rhino Camp. Vyote vilikuwa vikavu, na kampuni ikaondoka.

2. Kwa nini fedha hupungua?

Mwaka 2012 makampuni ya dunia yalitumia zaidi ya dola bilioni 20 kutafuta madini. Kufika 2016 zilibaki karibu bilioni 7. Kufika 2022 zilikuwa zimepanda tena, kisha zikashuka mwaka 2023 na 2024.

Sababu ni hizi. Bei ya madini ikianguka, fungu la kutafuta hukatwa kwanza. Wenye mitaji hupenda faida ya haraka, hivyo huchoronga kando ya migodi iliyopo na kuacha sehemu mpya. Vita na mabadiliko ya sheria huwafanya wasubiri. Tanzania ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje na kubadili sheria mwaka 2017, mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi mwaka huo huo na wafanyakazi wengi wakaachishwa. Hatusemi nchi isidai haki yake. Sheria zile ziliipa serikali hisa isiyopungua asilimia 16. Tunasema kwamba katika ugomvi wa wakubwa, mfanyakazi asiyejiandaa ndiye hulipa mwanzo.

3. Hasara huja kwa kuchelewa

Tazama shamba la miwa. Mwenye shamba akivuna kila msimu bila kupanda upya, mwanzoni faida huonekana kubwa, maana hakutoa fedha za mbegu. Baadaye mavuno hupungua, na mkataji huambiwa kazi imekwisha. Mgodi ni vivyo hivyo: mwaka wa kuacha kutafuta, hesabu huonekana nzuri. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na mgodi hufa hata kabla ya asali kwisha. Kilembe ilianza kutoa shaba 1956, na reli ikafikishwa Kasese mwaka huo. Serikali iliuchukua mgodi 1975. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, mitambo ikachakaa bila vipuri, na kufika 1982 kazi ilikuwa imesimama, ingawa mbale bado ilikuwamo ardhini. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kampuni nyingine. Mkataba ukavunjwa 2017. Mji uliozoea mshahara wa shaba ulibaki kungoja.

4. Wajibu wetu

Kwanza, chama kinapokaa na mwajiri kisiulize mshahara peke yake. Kiulize: mbale iliyopimwa yatosha miaka mingapi? Mwaka huu mmechoronga wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, malipo ya kuachishwa kazi na michango ya uzeeni yasimamiwe wakati mgodi una nguvu. Mwajiri aliyefunga milango hana cha kutoa.

Tatu, tudai serikali igharimie utafiti wake yenyewe. Katika mradi ulioanza 2004, karibu asilimia 80 ya Uganda ilipimwa kwa ndege. Karamoja iliachwa kwa ajili ya usalama. Ramani hizo ni mali ya umma. Nchi isiyojua kilichomo ardhini mwake huuza kwa bei ya mnunuzi.

Kijana wa Kuluba sasa ana jibu: ramani ya angani ni mwanzo tu, bado kuna fedha nyingi za kuchoronga, na huenda kisipatikane kitu. Asiuze shamba lake kwa uvumi wa dhahabu.

Maswali ya kujadili tawini

1. Mahali petu pa kazi, ni matumizi gani mwajiri akiyakata leo sisi tutaumia baada ya miaka mitano?
2. Je, michango yetu ya uzeeni imefikishwa? Nani ameona hati?
3. Kazi hii ikifungwa, ni ufundi gani tutaondoka nao?