Pesa ya Shaba ya Mwaka 1890: Kuitambua, Kuithamini na Kuihifadhi

Mchimba msingi wa nyumba katika Bagamoyo huweza kuokota kisarafu cha kahawia au kijani. Mara nyingi hukisugua kwa ndimu na majivu mpaka king'ae. Kwa kufanya hivyo huondoa alama ambazo hazirudi tena.

Sarafu mojawapo ya namna hiyo ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, iliyopigwa kati ya 1890 na 1892. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu ndani ya shada la majani, pamoja na mwaka wa Hijria. Pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882), hutambulikana kwa picha ya mizani.

Maandishi yakifutika, fizikia husaidia. Pesa ya Kijerumani ina uzito wa gramu 6.5 hivi. Ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji yaliyokenekwa, mizani ya maabara huonyesha gramu 5.77. Tofauti, yaani gramu 0.73, ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 6.5 kwa 0.73: jibu ni 8.9, msongamano wa shaba nyekundu. Chuma kingetoa 7.9, tena kingevutwa na sumaku. Sarafu iliyolika hupungua uzito, lakini msongamano wake haubadiliki.

Pesa hizi zilipigwa kwa mamilioni. Hivyo umri peke yake hauzipi bei kubwa. Thamani hutokana na uchache, hali ya sarafu, na habari za mahali na kina ilipookotwa. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kama sarafu za kale za Kilwa, hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Utando mgumu wa kahawia huikinga shaba. Adui ni chumvi ya bahari: kloridi yake, ikikutana na shaba, unyevu na hewa, huzaa asidi inayoendelea kuila sarafu. Dalili yake ni unga laini wa kijani hafifu. Sarafu ya namna hiyo isitiwe majini; itengwe na nyingine, iwekwe pakavu.

Kwa jumla, shika sarafu kwa ukingo, ifunge katika bahasha safi ya karatasi, na uandike juu yake mahali na tarehe.

Zoezi: Eleza kwa nini ndimu hung'arisha shaba, na kwa nini mng'ao huo ni hasara.