Zawadi Iliyogeuka Kodi

Mara nyingi tunadhani kwamba zawadi ikitolewa kwa moyo safi, haiwezi kueleweka vibaya. Historia ya Kanisa inatuonyesha vingine.

1. Nia ya mtoaji

Mwezi Desemba 1248, Mfalme Louis IX wa Ufaransa, tunayemheshimu leo kama Mtakatifu Ludoviko, alikuwa kisiwani Kupro akielekea kwenye vita vya msalaba. Huko walimfikia wajumbe wa jemadari mmoja wa Wamongolia, wakiwa na maneno ya kirafiki. Mwanzoni mwa 1249 akamtuma Padre André wa Longjumeau, Mdominiko, ampelekee Khan hema la kanisa, la kitambaa chekundu, lililotariziwa Kupashwa Habari kwa Bikira Maria na mafumbo mengine ya imani. Alipeleka pia vyombo vya Misa. Tumaini lake lilikuwa kuwavuta kwa Kristo.

2. Alivyoelewa mpokeaji

Khan Güyük alikuwa amekwisha kufa. Mjane wake, Oghul Qaimish, ndiye aliyeshika utawala. Wamongolia waliamini kwamba Mbingu imewakabidhi dunia yote. Kwa hiyo mfalme aliyeleta zawadi alihesabiwa kuwa amekubali kutawaliwa. Malkia akajibu: leteni dhahabu na fedha kila mwaka, la sivyo mtaangamizwa. Joinville, aliyeishi karibu na mfalme, anaandika kwamba Louis alijuta sana kutuma ujumbe ule.

3. Aliyefuata njia ile

Mwaka 1253 alisafiri Ndugu William wa Rubruck, Mfransisko. Yeye alisisitiza kwamba si balozi bali ni mtawa. Maofisa wa njiani aliwapa divai na biskuti, akieleza kuwa mtawa hamiliki dhahabu wala fedha. Hata hivyo wengi waliendelea kumdhania balozi. Naye alilalamika kuwa wanaomba bila haya, wakati kwao mgeni kuja na kitu mkononi lilikuwa jambo la lazima. Kutoelewana kulikuwa kwa pande zote mbili.

Tutafakari

Sisi tunaojiandaa kutumwa, na sisi tunaowapokea wanaotumwa, tukumbuke kwamba nia njema haitoshi. Kabla ya kutoa, tuwaulize wenyeji: kwenu, kitu hiki kina maana gani? Na kabla ya kumwita mtu ombaomba au mwenye kiburi, tujifunze kwanza desturi yake. Huo nao ni upendo wa jirani.