Kupima Ugumu wa Metali: Kuchagua Chombo na Njia

Mhunzi afuapo jembe kutokana na springi ya gari iliyokwisha kazi yake, makosa mawili humngoja. Akikiacha chuma kipoe polepole, jembe litakuwa laini, litapinda na kulika upesi. Akikichovya majini kingali chekundu na kuishia hapo, jembe litakuwa gumu, lakini litakatika kama kigae siku litakapogonga jiwe. Kwa macho majembe hayo mawili hayana tofauti. Nyundo iliyokosewa namna hiyo ni ya hatari zaidi, maana kipande kidogo kikiruka kutoka usoni mwake huweza kumpofusha mtu. Ndiyo sababu kila karakana inayotia chuma moto, iwe ya shule au ya kiwanda, inahitaji namna ya kujua ugumu wa kile ilichokitengeneza kabla hakijatoka mlangoni.

Ugumu si kitu kimoja

Urefu wa ubao ni ule ule, upimwe kwa rula au kwa utepe. Ugumu sivyo. Namba ya ugumu ni jibu la swali fulani, na swali likibadilika jibu nalo hubadilika. Mjerumani Friedrich Mohs, mwaka 1812, aliuliza: kipi hukwaruza kipi? Akapanga madini kumi, kuanzia ulanga wenye namba 1 hadi almasi yenye namba 10. Kwa mwanajiolojia aliye porini swali hilo latosha. Kwa fundi halitoshi, kwa kuwa vyuma vya pua karibu vyote huangukia kati ya 4 na 8 katika orodha hiyo, na tofauti ya jembe zuri na baya humezwa humo.

Vyombo vingi vya karakana huuliza swali jingine: kitu kigumu kikishindiliwa juu ya metali kwa kani inayojulikana, kitaacha kibonyeo kikubwa kiasi gani? Metali ikibonyezwa, sehemu ndogo ya umbo lake hurudi kama mpira urudivyo. Sehemu kubwa hairudi tena. Kibonyeo kinachobaki ndicho kipimwacho. Kikiwa kidogo, metali ni ngumu.

Gololi ya Brinell

Johan August Brinell, mhandisi wa Sweden, alionyesha njia yake mwaka 1900 katika maonyesho ya Paris. Gololi yenye kipenyo cha milimita 10 hushindiliwa kwa kani ya uzito wa kilogramu 3000 kwa muda wa sekunde 10 hadi 15, kisha kipenyo cha kibonyeo hupimwa kwa kioo cha kukuzia chenye vipimo ndani yake. Namba ya ugumu ni kani ikigawanywa kwa eneo la kibonyeo, nalo ni eneo la uso wake uliopinda, wala si la duara lionekanalo juu. Ikiwa F ni kani kwa kilogramu, D ni kipenyo cha gololi na d ni kipenyo cha kibonyeo, basi

HB = 2F ÷ [πD(D − √(D² − d²))]

Tuseme kibonyeo kina kipenyo cha milimita 4.0. Kipeuo cha pili cha 100 − 16 ni 9.165, ukitoa katika 10 hubaki 0.835, ukizidisha kwa 31.42 hupatikana 26.2. Kwa hiyo 6000 ÷ 26.2 ni 229, nayo huandikwa 229 HBW 10/3000, ili msomaji ajue gololi na kani zilizotumika. Herufi W yaonyesha kwamba gololi ni ya kabaidi ya tangisteni. Hapo zamani gololi ya chuma cha pua ilitumika, lakini juu ya 450 hivi gololi hiyo huanza kubonyea yenyewe, na chombo kinachobonyea hakiwezi kumhukumu mwenziwe. Ile ya kabaidi hufika 650.

Uzuri wa njia hii ni ukubwa wa kibonyeo. Chuma kilichosubiwa katika kalibu kina chembe laini na ngumu zilizochanganyika. Kibonyeo cha milimita 4 hukusanya chembe nyingi mno na kutoa wastani wa haki. Uso wa kipande hauhitaji kung'arishwa sana. Tena, kwa vyuma vya pua vya kawaida, namba ya Brinell ikizidishwa kwa 3.45 hukaribia nguvu ya kustahimili mvuto kwa megapaskali. Chuma chetu cha 229 kingekatika kwenye megapaskali 790 hivi. Fundi hupata habari hiyo bila kukikata kipande chenyewe. Hesabu hiyo isitumiwe kwa chuma cha kusubu wala kwa alumini, maana hapo hupotosha.

Ubaya wake ni ule ule ukubwa wa kibonyeo. Kitu kilichokamilika hubaki na kovu, na bati jembamba halifai kabisa. Unene wa kipande hautakiwi kupungua mara 8 ya kina cha kibonyeo. Usipotosha, ni meza iliyo chini ndiyo itakayopimwa. Kadhalika, kitovu cha kibonyeo kikae mbali na ukingo angalau mara 2.5 ya kipenyo chake.

Rockwell na haraka ya kiwanda

Huko Connecticut, Marekani, viwanda vya beringi vilihitaji kupima pete nyingi kila siku, na kila kibonyeo cha Brinell kilidai jicho na hesabu. Hugh Rockwell na Stanley Rockwell waliomba hataza ya chombo chao mwaka 1914 wakaipata mwaka 1919. Shauri lao lilikuwa hili: usipime upana, pima kina, na saa ya chombo ikupe namba moja kwa moja.

Katika kipimo cha C, kinachotumika kwa vyuma vilivyotiwa ugumu, kichwa ni pia ya almasi yenye pembe ya nyuzi 120. Kwanza hushindiliwa kwa kilogramu 10 tu. Mzigo huu wa awali hupenya uchafu na vikwaruzo vya juu na kukikalisha kipande mahali pake. Kisha mzigo hupandishwa hadi kilogramu 150, halafu hurudishwa tena kuwa 10. Nyongeza ya kina kati ya mara ya kwanza na ya mwisho ndiyo ihesabiwayo: kila milimita 0.002 huondoa alama moja katika 100. Kwa metali laini zaidi hutumika kipimo cha B, chenye gololi ya inchi 1/16 na mzigo wa kilogramu 100, nacho huhesabu kutoka 130.

Hapa yafaa kutua kidogo, maana walio wengi hununua chombo hiki bila kuifikiri namba hiyo. Milimita 0.002 ni kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Kutu kidogo chini ya kipande, au chembe ya mchanga, ikisagika na kukiacha kipande kishuke milimita 0.01, usomaji utapungua kwa alama 5 kamili, nacho chuma kizuri kitatupwa. Jawabu la hitilafu nyingi za Rockwell ni kitambaa safi, wala si fundi wa kutoka ng'ambo. Kipande cha kulinganishia, chenye ugumu uliothibitishwa, kinatakiwa kiwe kando ya chombo na kipimwe kila asubuhi kabla ya kazi.

Jambo la pili ni unene wa ngozi ngumu. Meno ya gia mara nyingi hutiwa ugumu juu tu, moyo ukibaki laini ili yasikatike. Tuseme ngozi ina unene wa milimita 0.5 na ugumu wa 60 HRC. Kina cha kibonyeo ni 40 × 0.002, yaani milimita 0.08. Kwa kichwa cha almasi kanuni ya desturi hudai unene wa mara 10 ya kina, nao ni milimita 0.8. Ngozi haitoshi: moyo laini utalegea chini yake, na namba itasomeka ndogo kuliko haki. Kwa kazi hiyo kuna Rockwell ya juujuu yenye mizigo ya kilogramu 15, 30 na 45, au ipelekwe kwa Vickers.

Piramidi ya Vickers

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Robert Smith na George Sandland wa kampuni ya Vickers, Uingereza, walitumia piramidi ya almasi yenye kitako cha mraba na pembe ya nyuzi 136 kati ya nyuso zinazoelekeana. Umbo la kibonyeo cha piramidi halibadiliki kwa ukubwa, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo kipimo kimoja hutumika kuanzia risasi hadi kabaidi. Hupimwa milalo miwili ya mraba kwa hadubini, hutafutwa wastani wake d, na HV = 1.854 F ÷ d². Kwa mzigo wa kilogramu 30 na ulalo wa milimita 0.35, jibu ni 454 HV.

Chombo hiki hufika mahali ambapo vingine havifiki: ngozi ya gia, bati jembamba, au ukanda mwembamba ulio kando ya mshono wa kulehemu. Ukanda huo ukipoa kwa haraka huwa mgumu na kupasuka baadaye. Katika kazi nyingi za vyuma vya kawaida 350 HV ndio mpaka usiovukwa. Lakini Vickers hudai uso uliong'arishwa kama kioo, mtumiaji mwenye subira, na jengo lisilotikisika. Kukiweka chombo hicho karibu na nyundo ya mashine ni kutupa fedha.

Vyombo vya kubebeka vinavyopima mrudio havina budi kutajwa. Kile cha Leeb, cha mwaka 1975, hurusha kichwa kidogo juu ya metali na kulinganisha mwendo wa kurudi na ule wa kwenda. Kwa ekseli ya mtambo isiyoweza kuondolewa mahali pake hakina mpinzani. Kwa vipande vidogo ni mdanganyifu: kipande chenyewe hutikisika na kula sehemu ya mwendo, hivyo chuma kigumu huonekana laini. Kipande kisichofika kilogramu 5 chapasa kuegemezwa juu ya kitu kizito.

Basi kiwanda cha kusubu kianze na Brinell, karakana ya zana na gia na Rockwell, maabara na Vickers. Mwenye chombo kimoja asitegemee sana majedwali ya kugeuza namba za kipimo kimoja kuwa za kingine. Majedwali hayo yalipatikana kwa majaribio juu ya vyuma fulani, na yale ya chuma cha pua hayafai kwa shaba.

Jaribio la shule

Shule isiyo na fedha za chombo chochote kati ya hivyo bado inaweza kupima. Tupa nzuri ina ugumu wa 60 hadi 65 HRC; ikiteleza juu ya patasi bila kuuma, patasi ni ngumu kama tupa au zaidi.

Jaribio la pili hutoa namba. Kinatakiwa kipande bapa cha metali ambacho ugumu wake umewahi kupimwa katika maabara, na kipande kingine kisichojulikana. Gololi ya milimita 10 kutoka beringi kuukuu iwekwe katikati yao, na vyote vitatu vibanwe katika jiliwa. Wanafunzi wakingwe macho, gololi ifunikwe kwa kitambaa kizito, na isigongwe kwa nyundo kamwe. Kwa kuwa kani ya pande mbili ni sawa, kama Newton alivyofundisha, hakuna haja ya kuijua kani hiyo. Ugumu usiojulikana ni ule unaojulikana ukizidishwa kwa mraba wa uwiano wa vipenyo. Kipande cha 120 HB kikipata kibonyeo cha milimita 2.0, na kingine milimita 2.5, basi 120 × (2.0 ÷ 2.5)² ni 77. Kanuni hii fupi hutofautiana na ile ndefu kwa chini ya asilimia 1. Kosa kubwa li katika jicho: kukosea milimita 0.1 katika 2.5 huleta kosa la asilimia 8, kwa hiyo kila kibonyeo kipimwe mara mbili, kwa wima na kwa ulalo.

Zoezi

Bamba la chuma cha pua lenye unene wa milimita 4 limepimwa kwa gololi ya milimita 10 na kilogramu 3000, nacho kibonyeo kina kipenyo cha milimita 5.0. Tafuta HB, kisha eleza kama namba hiyo inaaminika.

Jawabu: Kanuni hutoa 143. Lakini kina cha kibonyeo ni nusu ya (10 − 8.66), yaani milimita 0.67, na mara 8 yake ni milimita 5.4; bamba ni jembamba mno. Litumike jozi ya gololi ya milimita 5 na kilogramu 750, kwani F ÷ D² hubaki 30 kama mwanzo, na kina kitakuwa milimita 0.33 tu, iwapo chuma kweli kina ugumu huo.